Kimya Baada ya Shikamoo

Kila mwezi ulipokaribia kwisha, mama yangu alinipigia simu nimsaidie kupata dawa zake za presha. Dawa zilikuwa Korogwe, kwenye kituo cha afya alikotibiwa. Mama alikuwa kijijini kwetu, upande wa Handeni. Mimi nilikuwa popote pale nilipokuwa mwezi huo. Kituo kilikuwa na utaratibu wake: mgonjwa anayehitaji dawa ajulishe mapema kwenye tovuti yao, atengewe. Asiyejulisha huenda akakuta zimeisha, na mama aliwahi kukuta zimeisha. Alipanda bodaboda mpaka kwenye lami, akapanda gari mpaka Korogwe, akaambiwa arudi wiki inayofuata. Alirudi nyumbani kichwa kinamgonga. Tangu hapo hakufanya mzaha na mwisho wa mwezi.

Simu yake ni kitochi, cha vitufe, hakifungui tovuti. Kwa hiyo tovuti yake nilikuwa mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uko wapi leo?"

"Mwanza."

"Si ulisema Singida?"

"Singida nilishatoka."

"Ungezaliwa mbuzi wewe tungekufunga kamba. Haya, fungua hicho kidude chako uniandikie."

Kumwandikia hakukuchukua muda. Baada ya hapo ndipo simu yenyewe ilipoanza. Alinieleza nguruwe pori walivyoingia kwenye mihogo, lambo lilivyopungua maji mpaka ng'ombe wanazama kwenye tope, nani ameoa na harusi ilikuwa na pilau ya namna gani. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mgahawa wa mji ambao sina ndugu ndani yake, chai inapoa, nasikia jogoo wa kwetu akiwika nyuma ya sauti yake. Nilikuwa naingojea simu ile kama wakulima wa Handeni wanavyongojea vuli.

Kazi yangu ni ya kukaa pembeni ya watu. Nilimaliza kidato cha nne Korogwe, nikaondoka, na sijatulia mahali tangu hapo. Nimetoa fotokopi Arusha, nimetengeneza simu Moshi, nimeuza vocha kwenye stendi nyingi kuliko ninazoweza kuzikumbuka. Mwishowe nilikutana na vijana wa Dodoma wanaotengeneza tovuti na mifumo ya simu. Wao wanajua kompyuta. Walichokosa ni mtu mwenye subira ya kukaa na mtumiaji, amtazame anapokwama, asimsaidie, kisha arudi kuwaambia amekwama wapi. Hiyo ndiyo kazi yangu mpaka leo. Nimemwona mwalimu mstaafu akitafuta kitufe cha kutuma huku kidole chake kimekifunika. Nimemwona mama wa genge akiogopa kubonyeza neno "endelea" kwa sababu halikumwambia anaendelea kwenda wapi. Watu wakikwama husema, "Samahani, mimi sijasoma." Ukikaa nao vya kutosha unagundua kuwa aliyekosea ni aliyetengeneza, naye hayupo pale wa kuombwa radhi.

Siku moja vijana wa Dodoma wakaniambia kuna kituo cha afya Korogwe kinataka kuachana na tovuti kwa wagonjwa wa dawa za kila mwezi. Wazee wengi hawana simu za kufungua tovuti. Wanataka mgonjwa apige namba, asikie sauti iliyorekodiwa, abonyeze, basi. Wakaniuliza kama nakijua kituo hicho.

Nikasema nakijua.

Nilifika Korogwe wakati wa machungwa. Akina mama wa stendi waliyainua kwenye madirisha ya mabasi kama zamani, na harufu ya maganda ilinikuta kabla sijakanyaga chini. Pale kituoni nikapewa benchi la mbele ya dirisha la dawa, nikae na wagonjwa wanaongoja. Nilipenda kukaa pale. Utotoni mwangu zahanati yetu ilikuwa na dirisha kama lile, na mgawa dawa aliyekuwa nyuma yake hakukuuliza ugonjwa mpaka amekuuliza habari za nyumbani, mvua na mbuzi. Ulipofika kwenye homa yako tayari ulikuwa umeanza kupona. Nimetembea miji mingi nikilitafuta dirisha lile, nami nilikuwa sijui kwamba ndilo ninalolitafuta.

Namba ya majaribio ilikuwa tayari. Sauti ilikuwa ya binti wa mjini, safi kama ya redio. Nikampa simu mzee mmoja aliyeshuka kutoka Dindira, huko milimani, amevaa sweta lake la baridi kwenye joto la Korogwe. Akasikiliza.

"Habari yako, mteja wetu mpendwa! Kama unahitaji dawa..."

Mzee akaiondoa simu sikioni, akaitazama.

"Huyu binti ni wa nani?"

"Ni sauti tu, mzee. Imerekodiwa."

"Imerekodiwa na mtu. Mtu huyo ana wazazi?" Akanirudishia simu. "Habari yako! Ananisalimia kama tumesoma darasa moja."

Bibi mmoja wa Kwashemshi aliyekaa karibu yake akacheka. "Mpendwa umekuwa, mzee. Unataka nini tena?"

"Mpendwa wa nani? Mimi nina presha, sina uchumba."

Benchi zima likacheka, lakini hakuna aliyebonyeza. Nilimpa simu mmoja baada ya mwingine na kila mzee aliishia palepale, kwenye salamu. Wengine walikata. Wengine walikaa kimya kama mtu aliyetukanwa hadharani na hataki kugombana.

Niliwapigia vijana Dodoma. Binti akarekodi upya: "Shikamoo. Kama unahitaji dawa zako za mwezi huu, bonyeza moja." Nikadhani tumemaliza.

Siku iliyofuata nikampa simu yule bibi wa Kwashemshi, maana bado alikuwa mjini kwa binti yake. Sauti ikasema shikamoo. Uso wake ukafunguka.

"Marahaba, mwanangu, hujambo? Wazima huko? Mimi sijambo ila miguu tu, usiku inaniwaka moto..."

Huku anazungumza, sauti nayo ilikuwa inaendelea na yake: bonyeza moja, bonyeza mbili, kusikia tena bonyeza sifuri. Alipomaliza kuitikia, simu ilikuwa imeshakatika.

"Ameondoka," akaniambia. "Kaniamkia halafu kaondoka."

Pale ndipo nilipoelewa. Hawa si watu wa kuamkiwa wakanyamaza. Ukimwambia mzee wa kwetu shikamoo umefungua mlango, na hakuna mtu anayefungua mlango kisha akauacha na kukimbilia uani. Ni lazima aitikie. Ni lazima akuulize hujambo. Mashine yetu ilikuwa imejifunza neno la adabu bila kujifunza kuwa neno lile linasubiri jibu.

Nikampigia kijana anayeandika mfumo. "Baada ya shikamoo weka kimya."

"Kimya cha nini, kaka?"

"Cha kuitikia."

"Mashine haisikii, kaka. Anaitikia nani?"

"Anaitikia. Wewe weka."

"Watu watadhani simu imekatika."

"Vijana ndio watakaodhani. Wazee watakuwa wanaongea."

Akacheka, akaweka, kwa shingo upande. Tukakirefusha kidogo kidogo mpaka kikamtosha mtu kuitikia na kuuliza hali bila kukimbizwa. Kijana mmoja mfugaji, aliyepiga kwa niaba ya baba yake, alishangaa kuamkiwa. "Mnaniamkia mimi? Mtaniletea balaa!" Lakini tukaona ni afadhali kijana aheshimiwe kupita kiasi kuliko mzee kukosewa adabu.

Ikabaki sauti. Wazee walisema binti yule haamkii, anasoma. Muuguzi wa zamu, mama wa makamo mwenye mdomo wa utani, akanigeukia: "Si urekodi wewe? Unaongea kama mtu aliyekula bada." Bada ni ugali wa muhogo, chakula cha kwetu, na ukimwambia hivyo Mzigua umemwambia bado yu wa nyumbani. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Nikajifungia kwenye stoo yao, katikati ya maboksi ya dripu yanayomeza mwangwi. Nilijaribu kusema shikamoo mara nyingi, zote zikatoka kavu. Mwishowe nikafumba macho nikamwamkia mama yangu. Nikanyamaza kama ninavyonyamaza akiwa anaitikia. Kisha nikasema, "Kama unakuja kuchukua dawa zako, bonyeza moja." Hiyo ndiyo tuliyoichukua.

Kabla ya kuondoka nilikwenda Handeni kumjaribisha yeye mwenyewe. Nilimkuta anamenya muhogo nje, kanga ameifunga kiunoni. Sikumwambia sauti ni ya nani. Nilimwonyesha namba tu, akaibonyeza polepole kwa kidole gumba, akafungua spika.

"Shikamoo," ikasema simu.

Mama akanitazama mdomoni. Nilikuwa nimefunga mdomo. Akaitazama simu.

"Marahaba," akaiambia. "Hujambo?" Kisha kwangu, kwa mnong'ono, ili simu isisikie: "Ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Nilirekodi."

"Kama unakuja kuchukua dawa zako, bonyeza moja," ikasema simu. Akabonyeza. "Imeandikwa. Tunakungoja, karibu sana," ikajibu simu.

"Ndiyo basi?"

"Ndiyo basi."

"Kumbe kazi yenyewe hii!" Akacheka mpaka akaweka kisu chini. "Na wewe miezi yote unajifanya unahangaika."

Nilicheka naye. Mwaka mzima nilikuwa nimemhofia: siku nikiwa mahali pasipo mtandao, siku simu yangu ikiibwa, ataandikiwa na nani? Sasa hakuhitaji mtu. Nilipanda gari la Korogwe, kisha basi la mbali, na moyo wangu ulikuwa mwepesi njia nzima.

Mwezi ukakaribia kwisha nikiwa Kahama. Siku kama zile nilizoea kutoiacha simu iishe chaji, nikaiweka mezani, kioo juu. Siku ikapita. Ya pili ikapita. Nikafikiri labda amesahau dawa, nikashikwa na hofu, nikampigia.

"Shikamoo, mama. Dawa umeshajulisha?"

"Marahaba. Juzi tu. Na jana nimezifuata, walikuwa wameshanitengea na jina langu juu. Yule muuguzi anakusalimu."

"Mbona hujanipigia?"

"Nikupigie ya nini? Si tumeongea juzi?"

"Umeongea na mashine, mama."

"Najua ni mashine, mimi si mtoto. Lakini imeniamkia vizuri. Halafu imetulia, haina haraka kama wewe. Nikasema yangu yote."

"Umesema nini?"

"Ah, mambo ya huku." Nilisikia anamfukuza kuku. "Niache nianike mahindi kabla wingu halijafunga. Kula vizuri huko."

Akakata. Katika kazi hii tunajisifu mtu anapomaliza haja yake bila kutuhitaji. Huo ndio ushindi wenyewe, na vijana wa Dodoma waliushangilia, kwa sababu wazee wa Kerenge mpaka milimani walikuwa wanapiga wenyewe na wanapata dawa. Nami niliushangilia. Sikutaka mama arudi kukwama. Nilitaka tu nguruwe pori, na lambo, na harusi za watu.

Nampigia mimi siku hizi. Anapokea, anafurahi, ananiuliza niko wapi. Lakini mtu anayepigiwa ana kazi mkononi, na mtu anayepiga ndiye mwenye maneno. Zamani maneno yalikuwa yake. Sasa namuuliza habari, ananijibu nzuri.

Yule kijana wa mfumo aliniambia, bila kujua anachogusa, kwamba akitaka anaweza kuwasha kurekodi sehemu ya kimya, tusikie watu wanasema nini, itatusaidia kuboresha. Nikamwambia asiwashe. Wale wazee hawakutuambia sisi.

Mwezi huu niko Iringa. Asubuhi ya leo nilikuwa nimefungua ukurasa wa kufuatilia simu zinazoingia, ule tunaotazamia kama laini iko hai. Namba ya mama ikatokea, na alama yake ya kijani. Ikafika kwenye salamu. Ikavuka, ikaingia kwenye kimya, ikasimama pale. Kimya kikaisha, mfumo ukamwambia abonyeze moja, hakubonyeza. Ukamrudia mwanzo, ukamwamkia tena kwa sauti yangu, ukamnyamazia tena. Hakuwa amekwama, nawajua waliokwama. Nilisogeza kiti karibu na kioo, nikamwacha mama yangu aongee.