Betri Niliyoifunga Mpira

Siku ya pili baada ya kumzika mdogo wangu, baba mdogo alikuja kwenye kibanda changu cha ufundi hapa Tabora mjini. Alikuwa na kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Akakiweka mezani, katikati ya redio na tochi za watu, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Wewe ndiye fundi wa ukoo," akasema. "Kifungue, kitazame vizuri. Jumamosi, siku ya kuondoa tanga, utatuambia mbele ya watu. Hiki ndicho kilichomuua mdogo wako, na aliyekileta tunamjua."

Aliyekileta ni shemeji yangu, mke wa marehemu. Ametoka Ulyankulu, kwenye familia ya asili ya Burundi, na katika ukoo wetu walikuwepo watu ambao kwa miaka tisa ya ndoa hawakuacha kulitaja hilo. Sasa walikuwa wamepata sababu. Nikikuta ubaya kwenye kifaa, ubaya ungekuwa wake, na angerudishwa kwao na mtoto mgongoni bila hata jembe.

Nilimjibu baba mdogo, "Sawa, baba." Akaondoka.

Ningeweza kumjibu vingine palepale. Sikuhitaji kukifungua kile kifaa ili nijue. Betri iliyolipuka ndani yake ilitoka mezani kwangu. Niliitoa mimi na nikaifunga mimi.

Sisi ni watu wa tumbaku. Baba yetu aliilima, na mdogo wangu akaachiwa shamba na bani la kukaushia. Mimi sikupenda moshi nikaja mjini na elimu yangu ya darasa la saba, nikajifunza kuchomelea nyaya. Mdogo wangu alivuta sigara tangu akiwa kijana, na kikohozi chake tulikizoea kama tulivyozoea jogoo. Mkewe ndiye aliyekataa kukizoea. Ana kaka yake Dar es Salaam, mtu wa hivi vifaa vya kuvutia mvuke, vile wanavyoviita vepu. Wako kikundi chao huko, wananunua, wanabadilishana, wanasuka nyaya zake wenyewe. Shemeji akamwomba kaka yake kimoja ili mumewe aachane na sigara. Kaka akampa alichokuwa anakitumia mwenyewe. Hakuwa na kingine.

Na sigara aliacha. Lazima niseme hivyo, kwa sababu msibani hakuna aliyesema. Kwa miezi minane mdogo wangu hakuvuta sigara, na kikohozi kilipungua mpaka mama akauliza kama amepata dawa.

Wenzake walimcheka. "Mkulima wa tumbaku anavuta maji ya dukani!" Naye aliwajibu, "Vuteni ninyi. Mimi nalima niwauzie."

Nilikifungua kifaa siku hiyohiyo, Jumanne, ingawa nilijua. Pengine nilitaka nikute kosa ambalo si langu. Sitaficha hilo.

Ni bomba la chuma zito la rangi ya shaba, urefu wa kiganja, lina kitufe kimoja ubavuni. Juu kuna kikombe chenye waya uliosokotwa na pamba. Pamba inanyonya maji yenye ladha, waya unapata moto, mtu anavuta mvuke. Hakina kioo cha kukuonyesha kitu, hakina taa. Nusu ya kazi inafanywa na chuma chenyewe, nusu na kibao kidogo cha umeme kilicho nyuma ya kitufe. Nilikipima kibao hicho na mita. Kilikuwa kizima hata baada ya moto ule. Lakini kazi yake ni moja tu: kinalinda kitufe kisiungue. Hakimlindi mtu. Hakipimi betri, wala hakikati umeme mambo yakiharibika. Yote hayo kinamwachia anayekishika.

Nilitafuta kosa la kiwanda. Nyuzi za kufungia zilikuwa safi, hazikwami. Kitufe kilirudi vizuri. Chini kulikuwa na matundu matatu ya kutolea hewa, na yote yalikuwa yamefanya kazi. Ndiyo maana bomba halikupasuka. Moto wote ulitokea kwenye matundu hayo. Yalikuwa yameelekea paja la mdogo wangu.

Kilikuwa kitu kizuri. Kimetengenezwa na mtu anayejua, kwa ajili ya mtu anayejua.

Jumatano nilimpigia kaka wa shemeji. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala.

"Shikamoo, kaka mkubwa."

"Marahaba. Nimekifungua."

"Kaka, kile si cha kuanzia. Nilimwambia dada. Nikamwambia na marehemu kwenye simu, nusu saa nzima. Kile ni cha watu walioshaungua vidole wakajifunza."

"Alikuelewa?"

"Alinielewa vizuri tu. Mpaka kusuka waya alijua kuliko vijana wa huku, tulikuwa tunamtania tunamwita profesa wa porini. Nilimpa na betri mbili mpya, kwenye kikasha. Nikamwambia, hizi ni za kifaa hiki tu. Ngozi ya betri ikichanika, tupa." Kisha akauliza, "Kaka, siku ile ilikuwemo betri gani?"

Nikamwambia simu inakata. Simu haikuwa inakata.

Zile betri mbili mpya habari yake ni hii. Mkulima wa tumbaku hana betri ya kazi moja. Majani yakiwa ndani ya bani, moto unaangaliwa mchana na usiku, na lazima kuwe na tochi ya kumulika majani yamefikia rangi gani. Tochi ilipoishiwa, mdogo wangu alichukua betri ya vepu akaitia kwenye tochi. Tochi ilipolala, akaichukua ya pili. Zikatumika hivyo msimu mzima, zikaisha nguvu, moja ikapotelea kwenye kuni. Ndipo akaja kwangu.

"Kaka, nipe betri. Zile zako za kompyuta."

Mafundi wote tunafanya hivyo. Kompyuta ya mkononi ikifa, betri yake tunaipasua, ndani tunakuta betri ndogo ndogo za duara, nyingine zikiwa bado nzima. Tunazitia kwenye tochi, kwenye redio, kwenye taa za sola. Zinafanya kazi. Kwenye tochi hazijawahi kunitia aibu.

Nilimchagulia mbili. Zilikuwa zimeunganishwa kwa bati, na nilipolivuta bati kwa koleo, ngozi ya plastiki ya moja ikachanika kichwani na kile kiduara cha karatasi kikang'oka. Kiduara hicho ni kidogo kama ukucha, lakini ndicho kinachotenganisha chanya na hasi. Nilijua kazi yake. Nikakata mpira wa tyubu ya baiskeli, nikaivisha betri hiyo kama soksi, nikamkabidhi zote mbili.

"Itafaa?" akaniuliza.

"Si umeme tu? Itafaa."

Sikumuuliza kifaa chake kinavuta umeme kiasi gani. Sikuwa nimewahi kukifungua. Niliona aibu kuuliza, kwa sababu yeye alinichukulia kuwa najua.

Betri ililipuka mchana wa Jumatatu, akiwa mlangoni mwa bani, vepu mfukoni. Bani lina joto, na mpira ukipata joto unalegea. Mpira ulisogea, chuma kikagusa chuma. Alichomwa paja lote mpaka nyama. Na kwa kuwa majani ndiyo kwanza yalikuwa yanageuka njano, na moto ukiachwa saa moja kazi ya mwaka mzima inakuwa nyeusi, alipaka asali, akafunga kanga, akabaki na kuni zake. Mkewe alimsihi waende hospitali. Akasema majani yakishakauka. Siku ya nne waliniita nimbebe, akiwa anaongea maneno ya homa. Kabla ya kumwinua nilikiona kifaa kando ya kitanda. Mpira wa tyubu ulikuwa umeyeyuka, umetokeza kwenye matundu kama lami.

Nikajua hapo. Jumamosi akafa.

Siku ya mazishi alikuwepo mtani wetu, bibi mmoja wa Kizaramo aliyeolewa hapa zamani. Utani wao na sisi Wanyamwezi unatoka kwenye safari za mizigo za mababu, na msibani wana ruhusa ambayo hakuna mwingine anayo. Alivaa kofia ya marehemu, akaning'iniza kijiti cha muhogo mdomoni, akapita katikati ya waombolezaji akijifanya anapuliza mvuke.

"Nyamazeni, wabeba mizigo ninyi! Mlibeba pembe mkafika pwani hamkufa, leo mnauawa na kifilimbi?" Watu wakacheka, wengine machozi yakiwa bado yanatoka. Akanigeukia mimi. "Na huyu! Redio yangu nilimpa inakoroma, akanirudishia imenyamaza kabisa! Kila kilichokufa mji huu kimepita mikononi mwake. Mkagueni huyu kabla hamjazika!"

Walicheka sana. Na mimi nilicheka. Shemeji, aliyekuwa kwenye mkeka na kaniki kichwani, hakucheka. Wanawake wa ukoo walikuwa wameshaanza kukaa mbali na mkeka wake.

Kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kusema pale, na nyingine hospitali, na nyingine siku baba mdogo alipokaa kwenye benchi langu, na nyingine kwenye simu. Zote nilizipitisha. Niliendelea kutengeneza redio.

Jumamosi baada ya sala tulikaa chini ya turubai. Baba mdogo akasimama na kifaa mkononi, akanikaribisha niseme. Nikasimama. Nilikuwa nimepanga kuanza mbali, nikajikuta nimeanza katikati.

"Kifaa hiki hakina kosa," nikasema. "Nimekipima. Ni kifaa cha mtu mzoefu, kinataka betri nzuri, na kilikuja na betri nzuri. Zilipoisha, marehemu alikuja kwangu. Iliyolipuka ni ya kompyuta mbovu. Niliichana wakati wa kuitoa nikaifunga mpira wa baiskeli. Nilijua imechanika. Shemeji hakuijua hata hiyo betri. Mdogo wangu ameuawa na kazi yangu."

Nilisubiri. Nilitaka mtu anipige, na sisemi hivyo kujipamba. Nilikuwa nimesimama kwa namna ya mtu anayesubiri kofi.

Baba mdogo akaja akaniwekea mkono begani.

"Kaa, mwanangu. Usijibebeshe. Hiyo ni ajali. Mungu akishapanga siku ya mtu, hatumii mkono wa nani?"

"Kweli," wakasema. "Kweli kabisa."

Shangazi akaniletea maji ya kunywa. Mzee mmoja akasema fundi hata akiwa mzuri hukosea, na kwamba nimeonyesha uungwana kusema. Uungwana! Nikakaa na kikombe mkononi.

Ndipo shemeji akaongea kutoka kwenye mkeka wake. Hakupaza sauti.

"Na mimi, baba? Mkono wangu mimi Mungu hakuutumia?"

Baba mdogo akatazama kifaa alichoshika. "Wewe ulikileta kitu nyumbani," akasema. "Kisingekuja, betri ingewekwa wapi?" Kisha akauliza kama chakula tayari, na chakula kilikuwa tayari.

Nilisimama tena. Nikasema hilo si haki. Nikaambiwa nikae, nina majonzi. Nikasema shamba ni la mtoto wa marehemu na mama yake. Wakasema hayo yatazungumzwa tumbaku ikishauzwa. Sahani zikaanza kupita, na mtu akianza kula wali mdomo wake hauna tena habari na wewe.

Jumatatu nilikwenda shambani. Shemeji alikuwa anafunga vitu vyake. Bani lilikuwa limepoa, na yale majani ya mwisho, ambayo mdogo wangu aliyachagua kuliko mguu wake, yalikuwa bado yananing'inia ndani. Yalikuwa mazuri, ya rangi ya chungwa.

"Shikamoo," akasema bila kunitazama. Kwa mila yetu mimi ni mkubwa wake.

"Marahaba. Usiondoke, shemeji. Nitasimama na wewe."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku tuliyompeleka hospitali."

Akakunja kanga, akaikunja tena.

"Wiki nzima na zaidi," akasema. "Wanawake wa kwenu wamenipita wiki nzima, nawaamkia hawaitikii. Nimelala nikijiuliza, ni kweli nimemuua mume wangu? Nikamkumbuka kila siku alipokivuta mbele yangu nikafurahi. Ulikuwa umekaa mita tano kutoka kwangu, shemeji. Ungenong'ona tu."

Niliitazama tu ile kanga.

"Sasa unasema utasimama," akasema. "Umeshasimama. Nimekuona. Wamekupa maji."

Mtoto alikuwa amelala kwenye godoro. Akamnyanyua, akamfunga mgongoni, kisha akaanza kulikunja godoro. Halikukunjika kwa mikono ya mtu mmoja. Nikashika upande wa pili. Hakuniambia niache, hakuniambia asante. Tulilikunja, nikalikalia lisifumuke, naye akapitisha kamba, akavuta fundo kwa nguvu zake zote.