Kitufe Kilichofichwa na Picha

Majirani walimpa jina la Bi Jaribu, maana tovuti zake alizitengenezea nyumbani lakini kuzijaribu alikwenda kwa kubisha hodi. Yeye alikuwa na kompyuta moja tu, kuukuu, na uwezo wa kununua nyingine hakuwa nao. Basi ukurasa ukiisha, huufungua kwenye kompyuta ya fundi cherehani, kisha kwenye simu ya kinyozi yenye ufa. Kinachokaa sawa huku, kule huweza kupinda kama mkia wa mbwa.

Siku hiyo roho ilikuwa juu juu. Zahanati ya wajawazito ilimpa ukurasa wa kuandikisha miadi, na daktari mkuu angeufungua mwenyewe alasiri. Ukigoma, kazi inakwenda kwa kampuni kubwa. Na kompyuta ya aina ya daktari, mtaani alikuwa nayo mtu mmoja: shangazi yake, aliyemnunia tangu harusi ya bintiye.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Harusini hukuonekana, leo una shida umeijua njia! Nguo ya kuazima haisitiri matako, mwanangu."

"Ndiyo maana nimekuja kwa mwenye nguo. Nisitiri."

Shangazi alitaka kununa, kicheko kikamshinda. "Haya, ingia. Ila usiniguse mipangilio!"

Ukurasa ukafunguka. Kitufe cha kuandikisha hakikuwapo.

"Mbona herufi kubwa hivi?"

"Kwani macho yangu ni yako?"

Hapo ndipo alipojishika kichwa. Kila alipoazima mashine, kwanza aliyarudisha maandishi kwenye ukubwa aliouzoea yeye. Leo amekatazwa, na ameona: herufi zikikuzwa, picha ya juu huvimba ikakifunika kitufe.

Akapakata kompyuta yake, akarekebisha, jasho likimtiririka.

"Fungua tena, shangazi."

"Hamna."

Akarekebisha tena. "Sasa?"

"Hamna, mama."

Simu ikalia. Daktari. "Ndiyo kwanza nakaa hapa niufungue."

Bi Jaribu akabana simu kwa bega, vidole mbio. Shangazi akafungua tena, akapiga kigelegele nusu, akakimeza.

"Nimekuza maandishi, miwani nimeisahau," daktari akasema simuni. "Kitufe ndicho hiki cha kijani?"

"Ndicho, daktari."

"Basi kesho akina mama waanze."

Bi Jaribu akainuka kuaga. Shangazi akamkalisha kwa mkono mmoja.

"Unakwenda wapi? Ya harusi hatujayamaliza."