Samli Niliyomlisha Mume Wangu kwa Siri

Msomaji mwenzangu, kosa ni langu. Si la jini, si la hasidi, wala leo siwatupii lawama wale wakubwa wenye bunduki waliotutawala wakati ule. Mume wangu nilimmaliza mimi, kwa mwiko wangu, jikoni kwangu.

Jina langu sitalitaja. Nimechoka tu kulibeba jambo hili. Mgongo wangu siku hizi haubebi hata ndoo ya maji, sembuse siri.

Juzi mjukuu wangu alinipeleka zahanati kwa sababu ya magoti. Muuguzi akanipandisha kwenye mzani, akaguna. Akaniambia, "Jaja, bibi yangu, chakula yenye inaingia ikishinda kazi yenye mwili nafanya, ile ingine inabaki ndani. Mafuta ndiyo mbaya zaidi. Kijiko moja tu ya samli, kuimaliza ni kutembea mpaka uchoke!"

Nikaanza kulia pale pale juu ya mzani. Akanishika mkono, "Usilie, jaja, uzito itapungua." Maskini, alidhani nalilia magoti!

Basi sikiliza.

Miaka ile ya sabini tulikaa kota za askari, upande wa Nakawa. Mume wangu, nimwite Baba Zaituni, alikuwa dereva wa lori katika kikosi ambacho sitakitaja. Mimi ni Mnubi wa Bombo, nimezaliwa kambini, nimeolewa kambini. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kicheko cha kutikisa mabega. Dereva hushinda amekaa, na mimi nilikuwa najua kupika. Tumbo lile tulilijenga wawili.

Na tumbo wakati ule lilikuwa heshima, jamani! Sukari ilikuwa hadimu, chumvi hadimu, sabuni tunagawana vipande. Matajiri wapya waliopewa maduka ya Wahindi waliofukuzwa nchini watu waliwaita mafuta mingi, na jina lenyewe linajieleza. Mwenye mwili ni mwenye nafasi. Aliyekonda, watu walimkwepa, maana nani ajuaye kimemkuta nini huko kazini?

Kota yetu ilikuwa na desturi moja. Asubuhi wanawake tulikaa barazani kung'arisha mikanda ya waume zetu, bizimu za shaba za kufungia hadi zinametameta. Kila mkanda una matundu, na tundu linalotumika huwa limechakaa na kupanuka. Hivyo kila mwanamke aliona, bila kuuliza, mume wa mwenzake anafunga tundu la ngapi. Tundu la mwisho kabisa, la nje, lilikuwa la Baba Zaituni. Nilikuwa naung'arisha mkanda ule polepole makusudi, ili waone!

Ramadhani ilipokwisha, Baba Zaituni akaanza mambo yasiyoeleweka. Sahani naiweka mbele yake, anameza matonge machache, anaisukuma. Mchuzi hataki. Ndizi anataka za kuchemsha tupu, kama chakula cha mgonjwa. Alfajiri anatoka na viatu vya raba, anarudi shati limelowa, anahema.

Nikamuuliza, "Baba Zaituni, iko nini? Chakula yangu imekuwa mbaya?"

"Hapana, mama. Nataka mwili iwe mwepesi kidogo."

"Mwepesi ya kwenda wapi?"

Akanitazama, kisha akatazama dirisha. "Mambo ya kazi. Wachana nayo."

Nikaacha. Wakati ule mke wa askari alijifunza kutouliza. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na bwana aliyeitwa kwenda kujibu maswali kidogo, akaacha chai mezani. Mkewe alimngoja siku nyingi ndipo akaimwaga. Kwa hiyo waume wetu walikuwa wakivua kazi mlangoni pamoja na viatu, na sisi hatukuvigusa.

Lakini mdomo ukinyamaza, moyo haunyamazi. Ungekuwa wewe ungewaza nini?

Jirani yangu Mama Kizza, Muganda mwenye maneno, siku moja akauchukua mkanda wa mume wangu kutoka mapajani mwangu. Akaugeuza juani.

"Banange! Mama Zaituni, bwana yako ameludi ndani tundu moja!"

"Kazi mingi," nikamjibu.

"Kazi? Nyabo, mwanaume akianza kupunguza tumbo, jua iko msichana mahali. Kweri nakwambia!"

Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, huku naurudisha mkanda mapajani. Mbele ya wanawake wale mkanda ulikuwa umenisema mara mbili: kwamba simlishi mume wangu, na kwamba simtoshi.

Kesho yake nikafunga leso nikaenda Kalerwe, kwa sababu nilijua lori lake huchukua mboga za kikosi pale sokoni. Nikajibanza nyuma ya mafungu ya viazi. Nikamwona! Amesimama mbele ya msichana anayeuza ntula, zile nyanya chungu za kijani. Msichana mwembamba, meno meupe. Mume wangu anacheka, mabega yanatikisika. Msichana akamfungia ntula kwenye jani la mgomba, akampa kwa mikono miwili, amepiga goti.

Sikungoja kingine. Mwanamke mwenye akili angekwenda kusalimia. Mimi nilirudi nyumbani kwa miguu, njia nzima nasema peke yangu kama kichaa.

Sikumgombeza. Laiti ningemgombeza! Tungegombana, angesema, ningejua. Badala yake nilisema moyoni: unataka wembamba wa kumpelekea yule mtoto? Utaupata wapi, na mpishi ni mimi?

Shangazi yangu wa Bombo alikuwa na ng'ombe, akiniletea samli kwenye kibuyu. Nikaanza. Ndizi zake tupu za kuchemsha naziponda, natia samli ya moto inayopotea humo humo, juu nanyunyiza chumvi kidogo ulimi usishtuke. Uji wa mtama natia karanga zilizosagwa laini, na samli tena. Anakula kidogo? Sawa, ale kidogo! Hicho kidogo nilikifanya kizito kuliko sahani yake ya zamani.

"Uji ya siku hizi iko tamu," alisema siku moja, mtu wa Mungu, akilamba kijiko.

"Mtama mpya," nikamwambia.

Mkanda ukarudi tundu la mwisho. Nikauinua barazani, Mama Kizza akauona, akafunga mdomo. Nilijisikia kama nimeshinda kesi!

Na yeye je? Aliongeza mbio. Akaacha chakula cha mchana kabisa. Alirudi jioni macho yameingia ndani, miguu inatetemeka, tumbo liko pale pale. Akawa anajishika ubavu, anajitazama kama anatazama mzigo wa mtu mwingine.

"Mama Zaituni," akaniambia jioni moja, mkanda mkononi, "mimi iko na mwili ya namna gani? Nakula kama ndege. Nakimbia kama mwizi. Mbona haipungui?"

"Ni umri," nikasema.

"Labda wamenifanyia kitu."

"Labda."

Nililisema hilo "labda" huku nimekaa karibu na kibuyu cha samli, mguu wangu unakigusa. Ya Rabi, nisamehe! Mtu anaanza kuamini amelogwa, na mchawi ndiye anayemwekea maji ya kunawa.

Siku yenyewe iliingia kama siku nyingine yoyote. Niliona tu ameamka mapema, ameswali kwa muda mrefu. Nikampa uji. Kwa kuwa alionekana mnyonge, nikamwonea huruma, na huruma yangu wakati ule nilikuwa najua kuipima kwa kitu kimoja tu. Nikazidisha samli. Akanywa wote. Akambusu binti yetu Zaituni kichwani, akatoka.

Tulikuwa barazani tulipoona madereva wote wamepangwa mstari barabarani. Filimbi ikapigwa, wakaanza kukimbia kuelekea kilima cha Naguru. Wanawake tukasimama kutazama kama sinema. Wembamba mbele, wanene nyuma, na nyuma ya wote Baba Zaituni. Mama Kizza akapiga makofi, "Kaza, Baba Zaituni!" Hata mimi nilicheka.

Kwenye kona ya kupandia kilima alisimama, akainama, akatapika. Akainuka, akakimbia tena. Aliinuka, msomaji! Akaenda hatua chache, akaanguka upande, na safari hii hakuinuka.

Walimleta kwa lori lake mwenyewe, anaendesha Koplo Drani, rafiki yake. Mdomo umepinda, mkono wa kulia umelegea. Nilipiga kelele, nikamuuliza koplo, "Mbona mnamkimbiza mtu mzima kama punda?"

Koplo akanivuta pembeni, akashusha sauti. "Mama, wewe hapana jua? Mkubwa mpya alisema, dereva yenye hawezi kufika juu ya Naguru, anafukuzwa kazi, anatoka kota. Tulijua tangu Idi. Mkubwa alituambia tusiseme kwa bibi zetu. Akasema ikitoka nje, yenye alitoa atajuta."

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Tangu Idi! Kumbe hakukuwa na msichana. Mume wangu alikuwa anaukimbilia mlango wa nyumba yetu, na mimi nilikuwa naufunga kwa ndani.

Kiharusi kilimwacha hai, nusu. Kazi wakamfuta, kota tukatolewa. Tukapata chumba kimoja Kalerwe, mimi nikaanza kukaanga mihogo kando ya barabara. Hapo ndipo alipokonda, tena haraka, kwa sababu chakula chenyewe hakikuwepo. Suruali zikawa zinamdondoka. Mkanda ukaisha matundu ya ndani, nikachukua msumari, nikapasha moto, nikautoboa tundu jipya. Kisha nikatoboa tena. Kila nikitoboa ananitazama na kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, "Sasa mwepesi." Dunia hii!

Na yule muuza ntula? Meza yake ilikuwa jirani na jiko langu. Siku ya kwanza alinipigia goti, akaniuliza hali ya mzee. Akasema, "Huyo mzee alikuwa nanunua ntula kwangu kila siku, nakula mbichi ndani ya lori. Alisema, binti, nipe kitu ya kujaza tumbo lakini hapana nenepesha. Nilikuwa nacheka sana!"

Ntula mbichi! Uchungu wake unaujua. Alikuwa anatafuna uchungu mchana ili atupatie paa la nyumba, nami jioni nauzima uchungu ule kwa samli.

Nilitaka kumwambia. Wallahi, nilitaka. Nikimlisha uji mdomoni naanza, "Baba Zaituni...", anageuza yale macho yake mapole, nashindwa. Najidanganya kesho. Kesho ikawa miaka.

Siku moja alinishika mkono kwa ule mkono wake mzima. Ulimi wake ulikuwa mzito, alisema polepole. "Mama Zaituni, unisamehe. Nilijaribu. Mwili yangu ilikataa. Wewe na mtoto mnateseka sababu yangu."

Aliniomba radhi, mimi! Na unajua nilimjibu nini?

Nilimwambia, "Nimekusamehe."

Akafumba macho, akashusha pumzi, akalala vizuri. Alifariki kabla ya vita vya kuwang'oa wale wakubwa kufika mjini, akiamini amesamehewa kosa ambalo hakulifanya.

Mimi nilidhani nitaondoka nalo vivyo hivyo. Lakini Idi iliyopita, binti yangu, ambaye sasa ana wajukuu, aliwaona wajukuu wake wakigombania pilau, akawaambia mbele ya watu, "Kuleni kwa adabu! Babu yenu alipoteza kazi kwa sababu ya mdomo. Alijifanya anapunguza, kumbe anakula kwa siri." Watu wakacheka. Na mimi nimekaa pale na sahani yangu, nimenyamaza. Nusu nzima ya maisha yangu nimenyamaza, na mtoto wake amekua akimdharau.

Kwa hiyo nawaambieni ninyi mnaopika. Anayekula kutoka mkononi mwako amekukabidhi mwili wake. Usiugeuze silaha, hata kwa mapenzi, hata kwa wivu. Akisukuma sahani, mwulize. Asipojibu, mwulize tena, mgombane, vyombo vivunjike! Vyombo vinanunuliwa. Na akisema anataka kupungua, mpikie anachokitaka, msaidie apungue, maana hujui kilima gani kinamngoja. Mambo ya majirani na mikanda yao waachie majirani.

Na wewe binti yangu, jina la Zaituni si lako, lakini ukisoma habari ya mkanda na msumari utajijua. Uliushika ule mkanda mwenyewe nikiutoboa. Nakuja kwako Ijumaa, kama magoti yataniruhusu. Ukitaka unifungie mlango, nitakaa nje. Ila waite wale watoto kwanza, uwaambie babu yao hakula kwa siri. Alilishwa kwa siri, na aliyemlisha ni huyu bibi yao mnayemwekea nyama laini.