Dohani ya Bi Mahfudha na fundi aliyeziba mara tatu

Jua la Qurum, mtaa wa pwani mjini Maskati, halijatokeza bado, lakini shati la Desderius Rwegoshora limeshalowa mgongo mzima. Amepiga magoti juu ya paa, kichwa chake kimezama ndani ya dohani, na makalio yake yanaitazama bahari bila adabu yoyote.

"Hapa ukichelewa kidogo tu, chuma hakishikiki," anasema. Sauti inatoka ndani ya bomba. "Mwezi wa nane Maskati hautanii."

Anakaza bawaba ya mwisho ya kifuniko cha chuma, kisha anateremsha mnyororo mwembamba ndani ya dohani, pingili kwa pingili. Huko chini, jikoni, Conjesta, msaidizi wa nyumba hii, anausubiri akiwa ameinua uso.

"Umefika, kaka! Umegusa tanuri!"

Ni Alhamisi. Keshokutwa Jumamosi wavunjaji watakuja na nyundo zao, na kama dohani hii itakuwa imedondosha tone moja la maji, wataiangusha pamoja na tanuri lililo chini yake. Hayo ndiyo makubaliano, na Desderius aliyakubali mbele ya watu.

Nyumba ni ya Bi Mahfudha, mzee wa miaka sabini na tisa, mzaliwa wa Unguja. Marehemu mumewe ndiye aliyeijenga mwishoni mwa miaka ya sabini, walipokuwa wamehamia Oman na watoto wachanga na masanduku matatu. Kabla ya sebule kuwa na kiti, mumewe alimjengea tanuri la mikate ya mofa na dohani ya kutolea moshi. Bi Mahfudha anasema alimwambia wazi kwamba yeye hawezi kuishi katika nchi ambayo hatakula mofa siku ya Ijumaa.

Siku hizi anapikia gesi kama watu wote. Ila miezi ya baridi, kila Ijumaa tanuri huwashwa, na wajukuu wanaoishi mbali wanaendesha magari yao hadi hapa kula mofa kwa samaki. Joto likiingia, tanuri linalala, na kiyoyozi kinafanya kazi mchana kutwa kwa sababu Bi Mahfudha hashindi sebuleni. Anashinda jikoni.

Desderius ana miaka arobaini na mitatu. Amezaliwa Kamachumu, mkoani Kagera, na amefika Maskati miaka minane iliyopita kama fundi mwashi wa kampuni ndogo ya matengenezo. Analipwa riali mia na hamsini kwa mwezi, na sitini kati ya hizo zinakwenda nyumbani. Anaishi Khuwair ya Kusini, chumba kimoja na wenzake watatu.

Dohani alijifunza kwa baba yake, aliyekuwa fundi wa parokia. Nyumba ya mapadri ilikuwa na dohani mbili za matofali, na kila masika zilivuja. "Baba alinipandisha juu nikiwa na miaka kumi na miwili. Nilijua kuziba dohani kabla sijajua kunyoa ndevu," anasema.

Ujuzi huo ndio uliompa jina hapa. Maskati si mji wa dohani, lakini nyumba za zamani za Waomani waliotoka Zanzibar bado zinazo chache, na hewa ya chumvi inazitafuna. Bati linaoza. Plasta inavimba na kumenyuka. Mwenye nyumba mmoja akimsifu, mwingine anapiga simu. Akimponda, simu zinanyamaza, kwa maana familia hizi zinajuana zote, na habari zao husafiri haraka kuliko gari.

Ndiyo maana dohani ya Bi Mahfudha ilimnyima usingizi.

Aliitwa mara ya kwanza Juni mwaka jana. Maji meusi yalikuwa yakidondoka mdomoni mwa tanuri na kuchora mistari ukutani. Desderius alipanda, akaona ufa shingoni mwa dohani, akafurahi. Ufa ni adui anayemjua. Akabandua plasta ya zamani, akapiga mpya yenye mchanga uliooshwa vizuri ili usiwe na chumvi. Baada ya wiki moja maji yakarudi.

Julai akapaka lami. Maji yakarudi. Mwishoni mwa Agosti akang'oa bati lote la chini, pale dohani inapokutana na paa, akaweka jipya. Akafungulia mpira wa maji juu yake kwa saa mbili, huku Conjesta akishika ndoo chini. Ndoo ilibaki kavu. Akashuka akichekelea. Kesho yake mchana Conjesta akapiga simu: yanadondoka.

"Niliona aibu hadi nikazima simu," anasema.

Oktoba ilipofika maji yakakauka yenyewe, na Desderius, kama binadamu yeyote, akajipa sifa hizo. Machi ikanyesha mvua kubwa ya siku mbili, mitaa ikafurika, na dohani haikutoa hata tone. Bi Mahfudha akamtumia sahani ya mofa. Akaila kwa raha zote.

Juni mwaka huu, bila wingu hata moja angani, dohani ikaanza tena.

Safari hii haikuishia kwenye madoa ya ukutani. Asubuhi moja ya mwanzo wa Julai, Bi Mahfudha alikanyaga maji hayo kwenye vigae, akaanguka na kuvunjika kifundo cha mkono wa kulia. Mwanawe Ghanim, mhandisi wa barabara, alitoka hospitalini akiwa ameshaamua.

"Mama, khalas. Dohani inavunjwa, na tanuri linakwenda nayo," alisema.

"Uvunje wewe?" mama akamjibu. "Babako kaijenga kwa mkono wake, wewe uivunje kwa simu?"

Mtu hawezi kumlaumu Ghanim. Mzee wa umri ule akianguka mara ya pili, huenda asinyanyuke. Alimwita Desderius, si kumpa kazi, bali kumwambia asihangaike tena.

Desderius alifika na maneno ya kuomba radhi aliyoyapanga tangu kwenye gari. Hakuyasema. Alipokuwa akivua viatu mlangoni, Conjesta alimvuta pembeni. Conjesta anatoka Karagwe. Wanaitana kaka na dada ingawa hawana undugu wowote zaidi ya mkoa. Yeye ndiye aliyekuwa akifuta maji yale kila siku kwa mwaka mzima, na hakuna aliyewahi kumuuliza kitu.

"Kaka, juzi umeme ulizimwa hapa tangu asubuhi mpaka alasiri, walikuwa wanabadilisha mita," alimwambia. "Ndoo imekaa kavu siku nzima. Umeme umerudi, tumewasha AC, jioni maji haya hapa. Mimi si fundi, lakini nimeona nikwambie."

Desderius aliingia jikoni, akaweka kiganja kwenye ukuta wa dohani. Ulikuwa wa baridi. Akainua macho. Kiyoyozi kilikuwa kimefungwa ukuta wa mbele, kikiipulizia dohani moja kwa moja tangu asubuhi hadi usiku.

"Nilitamani ardhi inimeze," anasema sasa, akicheka. "Chupa ya soda ukiitoa kwenye friji inalowa nje. Nani anaipanda juu kutafuta tundu?"

Ndivyo ilivyokuwa. Hewa ya bahari ya majira haya imejaa unyevu. Inashuka kupitia mdomo wa dohani, inakuta kuta zilizopoa, inageuka maji, yanaosha masizi ya miaka arobaini na kudondoka. Wakati wa baridi kiyoyozi kimezimwa, na kila Ijumaa moto unaikausha dohani. Ndiyo maana mvua ya Machi ilipita salama. Desderius alikuwa ameziba mara tatu tundu ambalo halikuwapo.

"Mimi nimekulia Kamachumu," anasema. "Kwetu mvua ni karibu mwaka mzima. Maji yakiwa ndani ya nyumba, yametoka juu, basi. Sikuwahi hata siku moja kuona maji yanayozaliwa humo humo ndani."

Kumweleza Ghanim ilikuwa kazi nyingine.

"Fundi, umeziba mara tatu," Ghanim alimwambia. "Sasa unanambia kosa ni la hewa?"

"Kosa ni langu, bosi. Hewa haina kosa."

Jibu hilo, anasema Conjesta, ndilo lililomlegeza. Ghanim aliwahamisha wavunjaji hadi Jumamosi ya katikati ya Agosti. Mpaka siku hiyo, tone moja likidondoka, hakuna mjadala.

Desderius alisogeza kiyoyozi ukuta wa pili, kipulize upande wa mlango. Kisha akachonga kifuniko cha kuziba mdomo wa dohani, kizuie hewa ya bahari wakati tanuri limelala, na kifunguke kwa mnyororo kutoka jikoni moto unapowashwa. Cha kwanza alikitengeneza kwa bati la kawaida. Ndani ya siku kumi na mbili juu ya paa kilikuwa na kutu kwenye bawaba. Akakitupa, akaanza upya kwa chuma kisichoshika kutu, na hicho ndicho anachokaza alfajiri hii.

Saa moja asubuhi anashuka. Kiyoyozi kinawashwa kwa nguvu zote. Bi Mahfudha, mkono wake ukiwa bado kwenye plasta ya hospitali, anaagiza shuka jeupe litandikwe ndani ya tanuri na mbele yake.

"Nnataka nione mwenyewe," anasema. "Jeupe halisemi urongo."

Kisha anavuta kiti na kukaa mbele ya tanuri, macho kwenye shuka. Ghanim amechukua ruhusa kazini. Conjesta anakatakata vitunguu ambavyo hakuna aliyeviomba. Desderius amekaa chini karibu na mlango na hanywi chai yake.

Saa nne, hakuna kitu. Saa sita, hakuna kitu.

Baada ya sala ya adhuhuri Conjesta anashika mdomo. Katikati ya shuka kuna doa jeusi, dogo, la ukubwa wa punje ya choroko.

Desderius anainamisha kichwa. Ghanim anachuchumaa, analigusa doa kwa kidole, anakisugua kidole kwenye kidole. Anakipeleka karibu na macho.

"Kavu," anasema. "Masizi tu. Yamedondoka na mnyororo."

"Wallahi ungenambia yamelowa, ningekupiga kwa plasta hii," anasema mama yake, na ndipo watu wanapokumbuka kupumua.

Maghribi shuka linakunjwa likiwa kavu. Ghanim anatoka uani, na kupitia dirishani anasikika akiwaambia wavunjaji kwa Kiarabu kwamba Jumamosi wasije. Desderius anasikia Kiarabu cha kutosha kulielewa hilo. Anainuka, anaosha uso kwenye bomba la nje, anakaa huko kwa muda. Akirudi macho yake ni mekundu, na anasema ni chumvi.

Ijumaa Bi Mahfudha anataka mofa, joto au si joto. Kiyoyozi kinazimwa, milango inafunguliwa, na Ghanim, kwa hamu ya kusaidia, anawasha kuni kabla ya mtu kuvuta mnyororo. Jiko linajaa moshi. Wote wanakohoa, Bi Mahfudha akikohoa huku anamtukana mwanawe kwa jina la babu yake.

"Vuta huo mnyororo, mhandisi we!"

Kifuniko kinafunguka huko juu kwa mlio mdogo, na moshi unageuka na kupanda. Mkono wa bibi bado hauwezi kupiga mofa ukutani mwa tanuri, kwa hiyo anayepiga ni Conjesta, na bibi anamsimamia: nyembamba, nyembamba zaidi, hiyo unampikia punda?

Ni wakati wa kula ndipo Bi Mahfudha anapomuuliza Desderius swali ambalo halikuwa na ubaya wowote.

"Na mamako, mwanangu, anapikia wapi?"

Mama yake, Pelagia, ana miaka sabini na moja. Anapikia kuni kwenye jiko la udongo nyuma ya nyumba, jiko lisilo na dirisha wala dohani. Macho yake yanatoa machozi tangu Desderius akiwa mtoto, na kifua chake kinakohoa kila masika. Baba alijenga dohani za mapadri. Mwana anajenga za Waomani.

"Anapikia kwenye moshi, Bi Mkubwa," anasema.

Bi Mahfudha anaacha kula. "Umeniwekea mimi kifuniko cha mnyororo, na mamako yumo moshini?"

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

"Basi usinambie huna safari ya kwenda kwenu."

Safari anayo. Likizo yake ni Desemba, siku arobaini na tano. Chini ya kitanda chake kule Khuwair, kimefungwa kwenye kanga, kipo kifuniko kile cha kwanza cha bati. Alikitupa, kisha akarudi kukiokota. Amekisugua kutu yote, amekipaka rangi na kukibadilisha bawaba. Kamachumu hakuna chumvi ya bahari, kitadumu. Matofali atayachoma huko huko. Wiki mbili, anasema, zinamtosha kujenga dohani na kumfundisha mama yake kuvuta mnyororo.

Na kama itavuja?

Desderius anacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo bila kujizuia.

"Ikivuja kule," anasema, "maji yatakuwa yametoka juu. Hayo nayaweza."