Nani Ataenda na Anko Kazini

Anko wangu ni mkurugenzi wa kampuni ya kuuza magari. Mwaka huu alisema likizo ya Desemba atamchukua mmoja wetu amfuate kazini: mimi au binti wa shangazi yangu. Huyo binamu anaishi Nairobi, ni wa rika langu, na anaongea na watu wazima kama marafiki zake. Mimi nikiulizwa kitu mbele ya watu, shingo inapata moto. Niliitaka sana hiyo nafasi, na sikumwambia mtu.

Binamu alilala kwetu Kitengela. Asubuhi tukipiga mswaki akaniuliza wazee wa Kimaasai husalimiwa aje. Jirani zetu ni Wamaasai, kwa hivyo nimezoea. Nikamwonyesha: mtoto hampi mzee mkono, anainamisha kichwa, mzee anakigusa. Akajaribu mbele ya kioo, akicheka na povu mdomoni.

Anko akaja na pikapu mpya kutupeleka soko la mifugo, Kajiado. Binamu akafungua mlango wa mbele bila kuuliza. Mimi nikakaa nyuma nikiangalia kisogo chake.

"Anko, mbona huuzi magari ya umeme?" binamu akauliza.

Hilo swali nilikuwa nalo mimi wiki nzima.

"Nitauza. Lakini mtu wa kule mpakani Illasit akinunua leo, atachaji wapi? Mkubwa wa kampuni akipenda gari kuliko mteja, atabaki nayo yadi."

"Hiyo umeisema poa, anko!"

Anko akacheka. Mimi pia nilikuwa nimeelewa, lakini kuelewa hakuna sauti.

Sokoni, anko hana maneno mengi. Anafungua nyuma ya pikapu, anawaambia wafanyabiashara wapakie mbuzi wao waijaribu, halafu anauliza, "Mbaya ni nini hapa?" Anasema akikaa ofisini, wafanyakazi watamwambia kila kitu ni kizuri. Mimi nilishikilia mlango wa nyuma, mbuzi wakinikanyaga. Mzee mmoja wa Kimaasai akapapasa chuma akasema, "Hapa chini panateleza. Mbuzi atavunjika mguu." Anko akamshukuru kama mtu aliyepewa zawadi.

Ndipo binamu akatokea upande wa pili, akasimama mbele ya mzee na kuinamisha kichwa. Vizuri kabisa. Mzee akakigusa, uso wote ukafunguka.

"Huyu ni wa nani?"

"Wangu," anko akasema, kifua mbele.

Wangu! Na mimi nilikuwa hapo hapo, viatu vimejaa mavi ya mbuzi.

"Umeona vile mzee amemfungukia mwenzako?" anko alisema tukirudi. "Mimi natafuta watu wa hivyo. Mambo ya injini tutawafundisha."

"Mimi ndiye nilimfundisha hiyo salamu," nikasema, sauti nyembamba.

"Ni ukweli," binamu akasema, wala hakukasirika. "Leo asubuhi."

Heri angekana.

Anko akaniangalia kwenye kioo. "Na wewe ulimsalimia mzee?"

Sikuwa nimemsalimia. Nilikuwa nangoja mzee aniangalie kwanza.

Nyumbani, anko akamwambia mama kwamba ataenda na binamu. Mama akasema, "Haya, ni sawa," akamimina chai. Mimi nikachukua ndoo na brashi, nikatoka kuosha pikapu. Anko alipokuja kuchukua simu yake garini, nikamwambia bila kuinua macho, "Hata mimi nilitaka."

"Ulitaka nini?"

"Kuenda na wewe. Kazini."

"Mbona hukusema?"

"Si nasema sasa."

Akatia simu mfukoni. "Mwenzako nimeshamwahidi, siwezi kumgeuka. Wewe utakuja likizo ya Aprili. Lakini uje uniulize wewe mwenyewe, usingoje nikukumbuke."

Nikaitikia kwa kichwa, kisha nikakumbuka, nikasema, "Sawa, anko," kwa sauti.

Alipoingia ndani nilimsikia binamu akimwigizia mama vile mzee alimgusa kichwa, na mama akicheka. Nilisugua kwa nguvu. Aprili nitauliza. Kwa sasa namwombea binamu foleni ya magari kwenye barabara ya Mombasa, akienda kazini na anko, kila asubuhi ya Desemba.