Simu ya Mgeni, Kompyuta ya Mwenyeji

Naikumbuka asubuhi niliyotoka Singida na begi mgongoni bila kujua naenda wapi. Basi la kwanza kupiga honi ndilo nililopanda. Kwa umri nilikuwa mtu mzima tayari, mwanangu, lakini kwa miguu nilikuwa kijana. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo nimesomeshwa na barabara. Mtembezi hula miguu yake. Nilishuka Babati kwa sababu niliona ziwa dirishani, nikataka kujua wanavua samaki gani.

Nikafikia kwenye gesti ya mjane mmoja, Mama Paulina, mtu wa Mbulu. Vyumba safi, mashuka yamenyooshwa, wageni hakuna. Marehemu mumewe ndiye aliyeijenga, na sasa shemeji zake walikuwa wamemwambia: vyumba visipopata watu mpaka mavuno, tunaigeuza ghala la mahindi. Kwake ghala lilikuwa na maana moja, kurudi milimani kwa kaka zake na kuanza kuomba pa kulima.

Aliposikia nimewahi kufanya kazi intaneti kafe, alinipa chumba cha nyuma bure. "Kaka, tovuti ninayo," akasema. "Kijana mmoja alinitengenezea. Sasa mbona imekaa kama kibao kilichoangukia kichakani?"

Kila asubuhi tukawa tunakwenda stesheneri ya jirani yenye kompyuta. Tunaandika jina la gesti, inatokea ya kwanza kabisa, Mama anapiga makofi. Kisha nafungua ukurasa unaoonyesha ni watu wangapi wameitafuta na kuiona: mstari unapanda. Nikamwambia awe na subira. Wiki zikapita, mstari unapanda, mashuka hayachafuki. Nami kukaa mahali pamoja kunaniwasha kama upupu. Naamka alfajiri, nazunguka stendi, narudi, natazama mstari, natoka tena.

Siku ya mnada wa mifugo alipita Mzee Gidamis kunywa chai. Alikuwa mfugaji wa upande wa Hanang, rafiki wa marehemu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wageni wako wapi?"

"Wanakuja." Nikamfungulia ule ukurasa kwenye simu yangu. "Tazama hapa, jumla imepanda."

"Jumla!" Alicheka mpaka chai ikamwagika. "Kijana, unahesabu kama karani wa mnada. Sisi jioni hatuhesabu. Tunasimama mlangoni pa zizi, tunamtazama mmoja mmoja: yule mwenye baka, yule mwekundu, yule wa pembe iliyopinda. Idadi inaweza kutimia huku wako yuko porini na wa jirani ndiye aliyeingia. Hao waliopanda ni akina nani?"

Nikajifanya napangusa chai iliyomwagika. Mama Paulina hakuniachia. "Mjibu mzee, kaka. Au ulimi nao umepanda basi?"

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nikaufungua ule ukurasa, nikawatenganisha: wanaotafuta kwa kompyuta mbali, wanaotafuta kwa simu mbali. Kumbe mstari wa kompyuta ndio uliopanda, na wengi wao, mwanangu, tulikuwa sisi wenyewe, tukijitafuta kwa jina kila asubuhi. Nyani haoni kundule. Mstari wa simu ulikuwa unashuka. Na nani anashuka kwenye basi amebeba kompyuta ya mezani?

Nikaenda kusimama stendi, nikatafuta kwa simu kama atafutavyo mgeni asiyejua jina letu: "gesti Babati karibu na stendi." Juu hatumo. Nikateremka chini sana ndipo nikatuona. Kufungua sasa! Mapicha makubwa yalivuta bando mpaka jasho likanitoka, herufi ndogo kama chawa, na namba ya simu ilikuwa ndani ya picha, ukiibonyeza haipigi.

Tukapunguza picha, tukaandika maneno anayotafutia msafiri, tukaweka namba ambayo ukiigusa inaita. Kila nilipopima nikatazama simu peke yake na kompyuta peke yake. Kwa muda hakuna kilichobadilika. Mahindi yalianza kukauka mashambani. Ndipo mstari wa simu ukainua shingo, na simu ya Mama Paulina ikaanza kuita.

Shemeji mkubwa alikuja na futikamba kupima ghala lake. Akakuta viatu nje ya kila mlango. Alisalimia, akaikunja futikamba yake, akaondoka.

Kesho yake familia moja ikapiga simu ikiwa njiani kutoka Arusha. Mama Paulina akanigongea. "Kaka, chumba chako nakihitaji."

"Unanifukuza?"

"Nakupandisha cheo. Toka."

Nikatoka nikicheka, nikapanda bajaji hadi mtaa wa Bagara ambako sikumjua mtu. Nikabisha hodi nyumba hii na ile, mpaka bibi mmoja akanionyesha chumba cha uani kinachotazama shamba la alizeti. Nikatua begi.

Basi, mwanangu, upimapo kazi yako, iwe tovuti, duka au shamba, usilale kwa sababu jumla imenona. Tenganisha. Jua kila aliyeingia ametoka wapi na ameshika nini mkononi, halafu simama pale anaposimama yeye, utazame kwa kifaa chake. Na siku moja moja jiulize kama unayemhesabu si wewe mwenyewe. Mungu akupe miguu isiyochoka, na popote jua litakapokuchwea, ukibisha ufunguliwe.