Mshangao wa Vitabuni Ndani ya Mutumbwi wa Bayama

Niliondoka Nchelenge siku ya Ijumaa kwa sababu ya insha juu ya ziwa letu. Mwalimu wetu wa Kiingereza, muzungu mwenye miwani, alinisimamisha chini ya picha ya Malkia mpya, daftari langu limejaa wino mwekundu. "Umezaliwa kando ya ziwa, na hushangai? Katika vitabu vyetu mtu akistaajabu anapaza sauti: O! Behold! Yaani, tazameni! Kaandike tena. La sivyo, hupandi Fomu ya Tatu." Mimi hata kuitikia jina langu naona haya. Nilichukua daftari, nikaenda kutafuta mshangao.

Ziwani, mchana. Bayama, kaka wa mama, alikuwa anarudi kwake kisiwani Kilwa, humo humo ziwani, na mpiga kasia wake, Kapembwa. Njia nzima nilinong'ona: O! Behold!

"Huyu anasali ao iko na homa?" Kapembwa akauliza.

"Anasoma. Umuache," Bayama akajibu.

Jumamosi asubuhi walinichukua kuvuta wavu. Ulipanda mzito, samaki tunaowaita mpumbu wamejaa, magamba yanawaka jua. Sijawahi kuona vile. Wenzangu walivuta tu, midomo imefungwa. Mimi nikakumbuka darasa, nikasimama, nikapaza sauti: "O! Behold!"

Wote wakaachia kamba. Kwetu, ndani ya mutumbwi, mutu hapigi kelele isipokuwa ngwena, yaani mamba, ameshika mwenzake.

"Ngwena iko wapi?" Kapembwa alisimama, kasia juu.

"Hakuna. Nilikuwa... nashangaa."

Bayama aliangalia wavu unazama, samaki wanatoka. "Unashangaa, unafunga kinywa, unavuta! Nani amekufundisha kulilia samaki kama maiti?"

Jumapili nilirudi. Mke wa Bayama alinifungia mihogo, bila hata samaki mmoja.

Jumatatu, shuleni, nilimueleza mwalimu yote kwa hasira. Alicheka mpaka akavua miwani. "Vizuri sana! Andika hiyo hiyo. Na usisahau O!"

Niliandika. Nilitaka kupanda, na nimepanda. Alisoma insha mbele ya wote, mkono kifuani kila alipofika kwenye O!, wakapiga makofi. Nimejifunza kwamba mshangao wao unataka watu wa kuusikiliza. Sisi tulikuwa na kamba mkononi. Bayama hajui kusoma, na mimi, mutoto wa dada yake, nilifurahi kwamba hajui: hatasoma nilivyowachekesha watu kwa wavu wake. Hilo ndilo linalonikasirisha kuliko wino wote.